Hana simu, lakini video zimemfikia

Kikao cha wazazi cha muhula huu kilichukua saa mbili, na saa moja na nusu iliishia kwenye simu. Baba mmoja alisimama akasema picha ikishaingia kichwani mwa mtoto imeingia, ni kama msumari kwenye mgomba, ukiuchomoa tundu linabaki. Akapigiwa makofi. Mama mmoja wa safu ya nyuma akamjibu kwamba yeye amekua na tamthilia za Kimeksiko na za Kifilipino, leo ana watoto watatu na ndoa yake, na hajui ni wapi alipoharibika. Naye akapigiwa makofi, na kicheko juu yake. Mwisho tukakubaliana barua iandikwe: mwanafunzi akikutwa na simu, simu inakaa ofisini hadi mwisho wa mwaka.

Mimi nilinyoosha mkono kuuliza habari za chakula cha mchana. Nani anaangalia kama watoto wanakula kweli? Nikajibiwa kwamba chakula kipo, wazazi tulipe michango kwa wakati, na tukaendelea na simu.

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Wiki tatu kabla ya kikao, binti yangu wa kidato cha pili alianguka mstarini asubuhi. Walipompima damu ilikuwa 8.6. Alikuwa amepungua kilo saba tangu Januari, na sketi yake ilikuwa imebanwa kwa pini mbili kwa ndani. Daktari aliongea naye peke yake kwanza, kisha akatuita. Uji wa saa nne alikuwa anaugawa. Chakula cha mchana alikuwa anampa mwenzake. Usiku nyumbani anamega tonge mbili tatu na kusema ameshiba cha shule. Alitaka tumbo liwe bapa, "kama wale."

Wale ni wasichana wa kwenye zile video fupi, wanaojipima kiuno mbele ya kioo. Hapo ndipo baba yake alipogeuka kuniangalia, kwa sababu binti yetu hana simu. Hajawahi kuwa nayo. Nyumbani simu ni mbili, yake na yangu, zote zina nywila, na bando lenyewe halitutoshi sisi wenye simu.

Ndiyo maana makofi ya kikao kile yalinipita pembeni. Barua ile ingeandikwa mwaka jana, binti yangu angeanguka vilevile.

Kazi yangu ni ya maendeleo ya jamii. Chuoni tulisomeshwa muhula mzima jinsi vyombo vya habari vinavyowagusa watu, na wakati ule niliyasoma ili nifaulu mtihani. Mwaka huu nimeyatoa madaftari kabatini kwa sababu nyingine.

Baba wa msumari, bila kujua, alikuwa anasema jambo lenye umri wa karibu miaka mia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza watu wengi Ulaya na Marekani waliamini kwamba gazeti, filamu na redio vinamwingia mtu kama risasi, au kama dawa ya sindano: ukichoma, inafanya kazi, kwa kila mtu, kwa namna ileile. Mfano uliokuwa ukitajwa sana ni wa tarehe 30 Oktoba 1938, Orson Welles alipoigiza redioni kwamba viumbe kutoka sayari ya Mars wametua New Jersey. Kesho yake magazeti yakaandika kwamba taifa zima lilitoka mbio. Uchunguzi uliofuata ulionyesha mambo madogo kuliko hayo. Wapo walioogopa kweli, lakini wengi wa waliosikiliza walitambua kuwa ni mchezo. Na magazeti yalikuwa na sababu ya kuikuza habari ile, maana redio ilikuwa inawanyang'anya matangazo ya biashara. (Kila chombo kipya kikija, kile cha zamani ndicho kinachopiga yowe la kwanza. Nami naandika gazetini, kwa hiyo nisomeni kwa tahadhari.)

Risasi ikaanza kupoteza wafuasi mwaka 1940. Paul Lazarsfeld, mtafiti aliyetoka Austria kwenda Marekani, alikwenda na wenzake wilaya ya Erie, jimbo la Ohio, wakawafuatilia watu 600 kuanzia Mei hadi Novemba, wakati wa kampeni za urais. Walitarajia kuona redio na magazeti yakiwageuza watu. Waliogeuka walikuwa wachache. Na watu walipoulizwa ni nini kilichowagusa, walitaja mazungumzo na watu wengine kuliko walivyotaja redio au gazeti: jirani, mwenzake wa kazini, shemeji. Kila mtaa ulikuwa na watu wachache wanaofuatilia habari kwa karibu, na wengine wakazipata habari hizo kutoka kwao, zikiwa zimeshapikwa na kutiwa chumvi. Nadharia ikaitwa ya hatua mbili. Chombo kinamfikia mtu wa kati, na mtu wa kati ndiye anayekufikia wewe.

Watanzania wa umri wa wazazi wangu hawakuhitaji Ohio kulijua hilo. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilizungumzia malaria, kichocho, safura na kuhara, lakini haikuachwa iongee peke yake. Vijijini viliundwa vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na vijitabu vyake; watu wanakaa pamoja, wanasikiliza, kiongozi anasoma, wanabishana, kisha wanaamua cha kufanya. Inakadiriwa walishiriki watu wapatao milioni mbili. Bibi yangu alikuwa mmoja wao, huko Mpwapwa. Alikuwa akisema kilichomfanya babu achimbe choo si ile redio, ni aibu. Kikundi kilikubaliana nyumba zote zichimbe, na Jumapili iliyofuata wanakikundi wakaanza kupita nyumba kwa nyumba kutazama. Redio ilileta neno, majirani wakamshikisha babu jembe.

Miaka ishirini baadaye, nikiwa mtoto wa darasa la tatu hapa Dodoma, nilishiriki utafiti mkubwa wa vyombo vya habari bila kuambiwa. Julai 1993 Redio Tanzania ilianzisha mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Wenye umri wangu wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo, na mkewe Tunu. Sisi wa Dodoma hatukumsikia. Mtambo wetu ulikuwa unarusha vipindi vingine saa zile, na haikuwa hitilafu. Tuliachwa kwa makusudi hadi 1995 ili watafiti watulinganishe na waliosikia. Nililisoma hilo kitabuni nikiwa chuo, jina la mji wangu limeandikwa kama eneo la kulinganishia, na hadi leo sijaamua kama nicheke au nidai fidia.

Walichokuta ni kwamba kule mchezo ulikosikika, matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda kuliko kwetu. Lakini jambo lililonishika mimi ni lingine: wasikilizaji wengi walisema walikwenda kuzungumza na wenzi wao kuhusu yale waliyosikia. Mke alipata mahali pa kuanzia. Hakusema "wewe una wanawake," alisema "umemsikia Mkwaju?" Mwaka ule ule shangazi alikuja likizo kutoka Iringa, akatusimulia Mkwaju jioni nzima jikoni, kwa sauti zote, hadi mama akamtuma mjomba fulani chumvi dukani ili asisikie anavyofananishwa. Kwa hiyo Dodoma nayo ilimpata Mkwaju, kwa njia ya shangazi. Sidhani kama watafiti walimhesabu.

Narudi kwa binti yangu, kwa sababu ndiye aliyenirudisha kwenye madaftari.

Mwaka 1995 televisheni ilifika Nadroga, sehemu moja ya visiwa vya Fiji. Kule, kama ilivyo kwetu sehemu nyingi, mwili mnene ulisifiwa. Mgeni analishwa hadi aombe msamaha, na mtoto akikonda watu wanaiuliza nyumba ina nini. Daktari na mwanaanthropolojia Anne Becker aliwahoji wasichana wa sekondari wiki chache baada ya televisheni kufika, na akawahoji wengine wa umri uleule mwaka 1998. Mara ya kwanza hakukuwa na hata mmoja aliyesema anajitapisha ili asinenepe. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3. Wasichana walimweleza wazi kwamba wanataka kufanana na waigizaji wanaowaona, na baadhi waliamini mwili wa namna ile utawapatia kazi mjini. Niliposoma mahali hapo chuoni nilikadiria ni habari za kisiwa cha mbali.

Mtu anaweza kuuchukua utafiti huo akampelekea baba wa msumari kama ushahidi. Lakini Becker na wenzake walirudi Fiji, na mwaka 2011 wakachapisha matokeo mengine. Safari hii walipima vitu viwili kwa kila msichana: yeye mwenyewe ana vyombo gani nyumbani na anaangalia kiasi gani, na marafiki zake wanaangalia kiasi gani. Kilichoendana na matatizo ya kula ni kile cha pili. Msichana asiye na televisheni, mwenye marafiki wanaoangalia, alikuwa hatarini. Nyumba yake kutokuwa na chombo hakukumkinga.

Nilimsomea baba yake kifungu hicho usiku, kwa kutafsiri. Alikuwa ameshaamua. "Mama, tumhamishe. Tumpeleke bweni, mahali simu haziingii hata getini."

"Na wasichana wataingia?"

Hakujibu. Alijua ninachosema. Bwenini kuna vitanda arobaini, na likizo zikiisha kila msichana anarudi na aliyoyaona nyumbani kwao, kisha taa zikizimwa anasimulia. Binti yetu alisimuliwa hivyohivyo. Anakaa dawati moja na msichana mwenye dada mkubwa mwenye simu nzuri. Jioni yule mwenzake anaangalia, asubuhi anasimulia: nani anakula nini, nani anaruka mlo gani, maji ya limau, siku saba, siku kumi na nne. Walikuwa na daftari. Upande mmoja wameandika vipimo vyake, upande wa pili vya binti yangu. Mtaalamu wa Ohio angefurahi kuliona.

Swali lililonikosesha usingizi kuliko hilo la mwenzake ni kwa nini binti yangu aliendelea wakati mwili ulishaanza kumkatalia. Njaa inauma, na yeye anapenda wali.

Hapo nilimkumbuka Albert Bandura, wa Chuo Kikuu cha Stanford. Wengi waliosoma ualimu wanamjua kwa yule mwanasesere wa kujazwa upepo: mwaka 1961 watoto wadogo walimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere, nao walipoachwa naye wakampiga vilevile, hadi kwa maneno yaleyale. Wapo waliolikosoa jaribio lile, wakasema mwanasesere wa namna hiyo ametengenezwa apigwe, mtoto afanye nini kingine? Ni hoja ya haki. Ila jaribio lake la 1965 ndilo ambalo mzazi angepaswa kulijua. Watoto waliona filamu. Wengine waliona mpigaji akisifiwa na kupewa vitu vitamu, wengine walimwona akiadhibiwa. Waliomwona akiadhibiwa waliiga kidogo. Kisha watoto wote wakaambiwa: ukituonyesha alichofanya yule mtu, utapewa zawadi. Basi hata wale waliokuwa wametulia wakaonyesha yote. Somo lilikuwa limeshaingia kwa kila mmoja, likisubiri mtu aje na zawadi.

Binti yangu zawadi aliipata, na si kwenye video. Pasaka tulikuwa na harusi ya ndugu. Alikuwa ameshapungua kilo nne hivi. Mashangazi watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walimshika mkono wakamzungusha: umependeza, umekuwa mrembo, umekata kabisa ule unene wa kitoto. Mjomba mmoja akasema sasa amekuwa mwanamitindo. Daktari alipomuuliza ni lini alipoona anafanikiwa, alitaja harusi ile. Hakutaja video hata moja.

Hao ndio watu wa kati walionishtua. Yule wa dawatini ana miaka kumi na minne, anasimulia anachokiona. Hawa wa harusini ni watu wazima, wengi wao hawajui hata video zenyewe ziko wapi. Lakini kile kiuno cha kwenye video kimeshakuwa kiuno cha kadi za mialiko, cha mabango ya saluni, cha watangazaji wa televisheni, kiasi kwamba shangazi anakisifia akidhani ni wazo lake mwenyewe. Miaka thelathini iliyopita shangazi huyohuyo, akikuta mtoto amekonda hivyo, angeuliza kama ameng'atwa na minyoo.

Mwaka 1983 Mmarekani W. Phillips Davison aliandika kuhusu tabia moja ya watu: ukimuuliza mtu kama vyombo vya habari vinaathiri watu, atasema ndiyo, vinawaathiri sana wengine. Yeye si sana. Siku mbili baada ya kikao cha shule, kwenye kundi letu la WhatsApp la wazazi wa darasa, mzazi mmoja aliweka tangazo la chai ya kupunguza tumbo, na picha ya kabla na ya baada. Wazazi wanne wakauliza bei. Mmoja wao alikuwa amempigia baba wa msumari makofi kwa nguvu sana. Niliandika kuuliza chai ile ina nini ndani, na kama ipo salama kwa mtoto wa kike atakayeikuta kabatini. Nikatumiwa kidole gumba.

Kuna na lile la kikao chenyewe, kutumia saa moja na nusu kwenye simu na dakika tatu kwenye chakula. Wiki ile redio mbili za hapa mjini zilikuwa zimejadili simu kwa wanafunzi asubuhi mfululizo, na sisi tuliingia ukumbini tukiwa tumebishana tayari njiani. Maxwell McCombs na Donald Shaw walilionyesha hilo mwaka 1972, walipochapisha utafiti wao wa uchaguzi wa 1968 katika mji wa Chapel Hill: mambo yaliyopewa uzito na vyombo vya habari ndiyo yaliyoonekana mazito kwa wapiga kura. Redio haikutuambia tuwe upande gani, na kweli kikao kiligawanyika katikati. Ila mada ilikuwa imeshachaguliwa, na sahani za mchana zinazorudi jikoni zimejaa hazikuwa na mtangazaji.

Hatukumhamisha. Baba yake bado anaona nimekosea, na huenda atakuja kuniambia hivyo tena muhula ujao. Tuliongea na mwalimu wa malezi, mama mmoja mtu mzima, akakubali kukaa meza moja na wasichana saa ya chakula siku tatu kwa wiki. Yule wa dawatini hatukumshitaki kwa wazazi wake. Nilimwomba mama yake aje naye kwetu Jumamosi, tupike pamoja.

Alikuja amevaa dera la dada yake. "Shikamoo mama." Msichana mzuri, mchangamfu, anajua kukuna nazi kuliko binti yangu. Nilimwambia anionyeshe hao anaowapenda. Alinitazama kama ninamtega, kisha akachukua simu ya mama yake na kukaa katikati yetu, mimi kulia, binti yangu kushoto, mama yake amesimama nyuma na mwiko mkononi. Tuliangalia kama dakika ishirini. Mama yake ndiye aliyeuliza maswali: huyu anaishi na nani, anauza nini, mbona kila video kuna ile chupa? Wasichana hawakuwa wameiona chupa. Wakarudisha nyuma, wakaanza kuihesabu.

Tulipokaa kula, binti yangu alijipakulia wali mwenyewe. Kidogo, lakini alijipakulia. Yule mwenzake alijipakulia sawasawa naye, karibu punje kwa punje, akamtazama binti yangu kwanza ndipo akaanza kula. Nikagundua kwamba siku zote nilikuwa nikiuliza nani anamfikia mwanangu, na sijawahi kuuliza mwanangu anamfikia nani.

Damu ilipimwa tena wiki iliyopita, 9.7. Tunarudi kliniki tarehe 14, na mama yake yule mwenzake ameniomba tuwapeleke wote wawili.